Gurudumu Likilia, Tuulize Kabla ya Kufungua

Likizo ya Aprili mwaka 2024 ni ile iliyorefushwa kwa ajili ya mafuriko, shule zikafunguliwa Mei 13. Kwa muda huo wote gari langu lilikaa uani kwangu Limuru, mahali pa ukungu na manyunyu, nami niko mashambani. Niliporejea na kuliondoa, gurudumu la nyuma la upande wa kushoto likaanza kulia: kwii, kwii, kwii, mfano wa kifaranga aliyepotezana na mamaye. Mlio huo ulinipeleka kwa mafundi wawili, ukanitoa fedha ambazo sikupaswa kuzitoa, na laiti si swali moja la fundi wa pili, ungenifikisha pabaya zaidi.

Fundi wa kwanza simlaumu peke yake. Nilifika kwake nikiwa nimekwisha kuamua. "Fundi, beringi ya nyuma imekwisha, nibadilishie," nikamwambia, nikiwa na uhakika wa mtu aliyeyasikia mambo haya katika chumba cha walimu. Naye alitii. Nililetewa beringi mpya kutoka Kirinyaga Road, ikatiwa, nikalipa, na mlio ukabaki pale pale. Nikarudi. Mara hii yeye ndiye aliyebashiri: viatu vya breki, yaani vile vyuma viwili vilivyopindwa kama mwezi mwandamo, vyenye bitana inayosugua dramu gari linaposimamishwa. Vikatiwa vipya. Gari likanyamaza siku nne. Siku ya tano kwii ikarejea, na sasa ikiandamana na harufu ya kitu kinachoungua.

Fundi wa pili ni mzee afanyaye kazi chini ya mti kando ya barabara, na vyombo vyake vyote vyaenea katika sanduku moja. Hakushika spana. Alikaa juu ya gurudumu kuukuu, akaniuliza, "Mwalimu, mlio huu ulianza lini?"

Waama, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamweleza habari ya likizo. Akatikisa kichwa, akaendelea na maswali yake, na mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza wengine maswali nikajikuta nimekuwa mwanafunzi.

Je, mlio unafuata mwendo wa gari, au mwendo wa injini? Hili hujibika kwa kukanyaga klachi gari likiwa linakwenda: injini ikishuka na mlio usibadilike, basi asili yake i katika kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu. Je, unakuja mara ngapi? Gurudumu la gari dogo lina mzingo wa takriban mita 1.8. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, gari hupita mita tano na nusu kila sekunde, kwa hiyo gurudumu huzunguka mara tatu hivi kwa sekunde. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni. Mlio wa mara tatu ni wa gurudumu lenyewe. Katika magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, propela shafti huzunguka upesi zaidi, aghalabu kiasi cha mara nne ya gurudumu, kwa hiyo kiungo chake kikikauka mlio huja wa harakaharaka usioweza kuhesabika kwa sikio. Wangu ulihesabika.

Je, ukiingia kona hubadilika? Beringi mbovu, kwanza, haisemi kwii. Huvuma, kama nyuki ndani ya mzinga, na mvumo huo huongezeka gari linapopinda na kuegemeza uzito upande wake. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua beringi kwa dalili ambazo si za beringi. Je, hulia penye mashimo tu? Hapana, ingekuwa hivyo tungetazama springi na bushi zake, na kwa hizo hata safari haihitajiki, mtu hulitikisa gari likiwa limesimama akasikiliza. Je, ni asubuhi tu, kisha hunyamaza? Kutu nyepesi ya usiku wa mvua hufanya hivyo, na breki mbili tatu huifuta. Wangu ulizidi kadiri nilivyokwenda.

Hapo ndipo mzee alipoinuka, akapeleka kiganja karibu na gurudumu la kulia pasipo kuligusa, kisha karibu na la kushoto. Akaniita nami nifanye vivyo. La kushoto lilikuwa likifukuta kama jiko.

Kilichofuata ningependa kila mwalimu wa sayansi akione. Aliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akatoa gia, akaachilia breki ya mkono, akainua nyuma kwa jeki. Gurudumu la kulia alilizungusha kwa mkono likaenda mizunguko mitatu. La kushoto likaenda nusu mzunguko likakwama, likitoa kwii yake. Kisha akalala chini, akafungua kitu kimoja tu: kebo ya breki ya mkono ya upande ule. Akalizungusha tena. Likaenda bila sauti. Hakuwa amebadilisha kipuri chochote, wala hakugusa mambo mawili kwa wakati mmoja. Alitenga sababu moja na kuona matokeo yake.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kebo hiyo hupita ndani ya ala. Ala yangu ilikuwa imepasuka, maji yakaingia, na mimi niliondoka nikiwa nimeivuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote. Katika majuma yale ya mvua kebo ikashika kutu ikiwa imevutika. Niliporudi na kuiachilia, upande wa kulia ulirejea. Wa kushoto ukabaki nusu, na viatu vikawa vinaisugua dramu kila mzunguko. Ndiyo maana viatu vipya vilidumu siku nne tu.

Nilikuwa nimepanga, juma lile lile, kuwapeleka wanafunzi watatu Naivasha kwa ile barabara ya zamani inayoteremka hadi Mai Mahiu, ipitayo karibu na kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942. Mzee aliposikia hivyo alinieleza jambo lililonifanya nitafute pa kukaa. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kadiri yanavyozeeka. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140 hivi. Breki inayosugua bila kuachia, ikiongezewa joto la mteremko mrefu, huweza kuyachemsha, na mvuke ukishaingia ndani ya mfereji, pedali huzama chini kama inayokanyaga sifongo, gari nalo likaendelea.

Nilipomuuliza deni lake, alitaja bei ya kebo na shilingi mia tano. Fundi wa kwanza alikuwa amekula maelfu. Nadhani hapa sisi wenye magari ndio tulioharibu mambo. Tumezoea kumlipa fundi kwa kipuri alichotia, na anayekaa akauliza na kusikiliza tunamwona mvivu. Kwa hali hiyo, fundi afanyeje ila kufungua na kubadilisha? Hata daktari, angelipwa kwa kila kiungo anachokata, tungeona viwete wengi. Mimi tangu siku ile hutaja malipo ya uchunguzi kwanza, kipuri baadaye, na nimekoma kabisa kumwambia fundi ugonjwa, humwambia dalili.

Jambo moja zaidi aliloniambia, ambalo si la mlio. Alipofungua dramu hakupuliza vumbi kwa mdomo wala kwa pampu, alilimwagia maji. Bitana nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani baada ya miaka mingi, na macho hayawezi kutambua bitana ipi inayo na ipi haina. Vijana wanaojifunza ufundi magerejini wangeonywa hivyo siku ya kwanza.

Likizo iliyofuata niliegesha gari mahali tambarare, nikalitia gia ya kwanza, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, na breki ya mkono sikuivuta.