Kutengeneza gemu Kolwezi: Programu ni bure, umeme ndio mtihani

Betri ya simu unayosomea habari hii huenda ina kobalti iliyotoka Kolwezi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huzalisha zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa yake inachimbwa Lualaba, jimbo lililoundwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, makao yake makuu yakiwa Kolwezi.

Katika mji kama huo, kijana anayefaulu mtihani wa taifa, Exetat, hahitaji kuambiwa kazi iko wapi. Ipo mgodini, kwa wahandisi, waendesha mitambo na makarani. Anayesema anataka kubuni gemu ataulizwa ataajiriwa na nani, na swali hilo ni la haki.

Jibu moja lipo nje ya Kongo, katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Huko ndiko alikokulia Lual Mayen, aliyezaliwa wazazi wake wakiwa njiani kukimbia vita vya Sudan Kusini. Kwa maelezo yake, aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza wakati wa kuandikisha wakimbizi, akamwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama huyo, anayeishi kwa cherehani, alidunduliza kwa miaka mitatu hadi zikatimia dola 300 za kununulia laptopu.

Nyumbani hapakuwa na umeme. Mayen alikwenda kwa miguu, mwendo wa saa tatu, ili kuichaji. Masomo ya video yaliletwa kutoka Kampala na rafiki yake, yakiwa ndani ya flashi. Hivyo ndivyo alivyojifunza kuandika programu, na matokeo yake ni gemu iitwayo Salaam, ambamo mchezaji anamkimbiza mkimbizi mbali na mabomu. Nguvu zikimwishia mhusika, mchezaji hununua maji, chakula au dawa kwa pesa halisi, nazo zimekusudiwa kuwasaidia wakimbizi walioko kambini. Mwaka 2018 Mayen alitambuliwa jukwaani katika tuzo za The Game Awards nchini Marekani, nchi ambako sasa anaendesha kampuni yake, Junub Games.

Ni rahisi kuisimulia habari hii kama muujiza. Lakini yaliyomchelewesha yanahesabika: kompyuta, umeme, na njia ya kupata masomo.

Hilo la tatu limepungua uzito. Godot, injini ya gemu iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2014, haina malipo yoyote, faili lake halifiki hata megabaiti 200, na lipo toleo linalofanya kazi kwenye simu ya Android. Menyu zake zinapatikana kwa Kifaransa, lugha ambayo mwanafunzi wa Kolwezi ameisoma darasani. Blender, ya kuchora maumbo ya 3D, nayo ni bure. Anayetaka kufundishwa na mwalimu anaweza kwenda Lubumbashi, kilomita zipatazo 300 kwa barabara, iliko shule ya juu ya kompyuta ya ESIS Salama. Hata kabla ya mashine, kazi ya mbunifu ni kupanga kanuni: mchezaji anatafuta nini, nini kinamzuia, akikosea anapoteza nini. Hayo hujaribiwa kwa karatasi na kokoto, na watu waliokua wakicheza kisolo, ndugu wa bao, hawaanzi kutoka sifuri.

Umeme ndio unaokera zaidi, maana hapa hauko mbali. Mto Lualaba unaendesha mitambo ya Nzilo na Nseke, karibu kabisa na Kolwezi. Tena mwaka 1982 ilikamilika laini ya umeme ya kilomita zipatazo 1,700 kutoka bwawa la Inga, magharibi mwa nchi, hadi Kolwezi. Ilijengwa kwa ajili ya migodi, ikapita juu ya vijiji visivyo na hata taa. Hadi leo ni takriban Mkongo mmoja tu kati ya watano anayepata umeme, na hata walio nao wanalijua neno délestage, yaani mgao. Anayeandika programu hupanga siku yake kwa kufuata mgao huo.

Wakameruni wanaifahamu hali inayofanana na hiyo. Guillaume Olivier Madiba alianza kuwaza gemu yake angali mwanafunzi mjini Yaoundé. Studio yake, Kiro'o Games, ilifunguliwa mwaka 2013, ikachangisha pesa mtandaoni kupitia Kickstarter, na Aurion ikaingia sokoni mwaka 2016. Ilikuwa kazi ya zaidi ya miaka kumi. Mwanafunzi wa Lualaba anayedhani atamaliza kwa likizo moja ni bora alijue hilo mapema, na aanze na kitu kidogo.

Kuhusu hadithi, Kongo tayari imo ndani ya gemu, ila imesimuliwa na wengine. Septemba 2011 kampuni ya Apple iliiondoa dukani, siku chache tu baada ya kutolewa, gemu iitwayo Phone Story, iliyobuniwa na Mwitaliano Paolo Pedercini. Sehemu yake ya kwanza inamweka mchezaji nafasi ya askari wenye silaha wanaowasukuma watoto wachimbe koltani. Ilikuwa kejeli kali, na ilistahili kuwepo. Lakini haina jina la mtoto yeyote, wala mtaa kama Kasulo, ambako watu wamechimba kobalti chini ya sakafu za nyumba zao.

Mtu wa Kasulo akiamua kuitengeneza hiyo ya kwake, duka la Google litamtoza dola 25 za kujiandikisha, mara moja tu. Steam hutoza dola 100 kwa kila gemu. Kwenye itch.io, kupakia ni bure.