Kutoka Posta hadi Kariakoo kwa Miguu

Watoto wengi wa shule yetu wakienda Dar es Salaam likizo ya kiangazi huuona mji kupitia dirisha la gari: uwanja wa ndege, nyumbani kwa bibi, ufukweni, basi. Safari hii waombeni wazazi asubuhi moja ya kutembea. Kutoka Posta hadi Kariakoo ni mwendo wa kilomita mbili hivi, lakini mtapita kama miji mitatu.

Anzieni kwenye Sanamu ya Askari, Barabara ya Samora. Askari huyu wa shaba amesimama hapo tangu 1927, bunduki yake ikielekea bandarini. Anawakumbusha watu Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza.

Wajerumani, na baadaye Waingereza, waliugawa mji huu. Karibu na bahari palikuwa Uzunguni, katikati Uhindini, na nyuma yake Uswahilini. Watoto, angalieni ile -ni ya mwisho. Ni ileile ya nyumbani na shuleni: inaonyesha mahali. Ila hapa inaonyesha pia serikali ilitaka nani akae wapi.

Uhindini mtaona maghorofa ya zamani yenye roshani, mahekalu na misikiti. Mkivuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed mtafika Mnazi Mmoja. Waingereza waliuacha uwanja huu wazi ili uwatenge watu wa Uhindini na wa Kariakoo. Ulikuwa kama ukuta usio na matofali. Leo watu hupumzika hapo kivulini.

Ng'ambo ya uwanja ndiyo Kariakoo. Jina lilitokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa vita ileile ya yule askari. Waswahili walilitamka kwa namna yao, likawa letu. Soko lake kubwa la miaka ya 1970 lilichorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli. Jirani, Mtaa wa Uhuru, mama atataka kusimama kwenye maduka ya kanga. Mvumilieni!

Siku nyingine pandeni daladala hadi Oysterbay, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Wazungu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini, aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani huko Dar. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya masonite, na picha zake zikauzwa Oysterbay. Alifariki 1972, lakini wachoraji wanaofuata mtindo wake bado wanafanya kazi hapo hapo. Mtumishi aliacha jina lake katika mtaa wa mabwana.

Nasi Stockholm tuna mitaa inayosemwa kabla watu wake hawajajulikana. Mtoto akisema anakaa Tensta au Östermalm, kuna wanaodhani tayari wamemfahamu. Kwa hiyo kazi ya nyumbani ya familia ni hii: pandeni treni ya chini ya ardhi ya mstari wa buluu hadi kituo cha Tensta. Mchoraji Helga Henschen alikipamba miaka ya 1970 kwa heshima ya wahamiaji. Tazameni kuta, kisha tokeni nje mtembee nusu saa.

Andikeni sentensi tano: mmeona nini ambacho watu hawakisemi kuhusu mtaa huu? Tutasomeana darasani.