BOLTI ZA PAA ZIPIMWE KABLA YA KUAMINIWA

Mtu apitaye katika mtaa wa Lucky Summer, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, huona nyumba nyingi za mawe. Nyumba ya namna hiyo ikiezekwa kwa mabati, upepo mkali huliinua paa, na kinacholizuia ni vyuma vichache vilivyopandwa ukutani. Je, mwenye nyumba ana hakika gani kwamba vitashika?

Wengine huitikisa bolti kwa mkono wakaridhika. Hicho si kipimo. Jiwe la kujengea Nairobi, kama lile la Ndarugo, lilitokana na majivu ya volkano. Huchongeka kwa urahisi, lakini hunywa maji, na likilowa hupungua nguvu. Basi bolti ngumu ndani ya jiwe dhaifu haina faida kubwa.

Yafaa fundi apande bolti za majaribio katika kipande cha ukuta wa mawe yale yale, asubiri siku 28 saruji ikomae, kisha azivute. Wataalamu hutumia jeki yenye saa ya kuonyesha nguvu. Hata mtaimbo imara waweza kuonyesha kanuni yake. Bolti ikiwa sentimita 15 upande mmoja wa egemeo, na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitundikwa sentimita 150 upande wa pili, bolti huvutwa juu kwa nguvu ya kilo 500, mbali na uzito wa mtaimbo wenyewe. Egemeo lisiwe karibu mno na bolti, maana litalikandamiza jiwe na kuficha udhaifu wake. Watu nao wakae mbali.

Kisha na atazame jinsi ilivyoshindwa. Bolti ikichomoka na saruji yake, huenda tundu lilikuwa na vumbi, au halikuloweshwa, jiwe likanywa maji ya saruji. Jiwe likimeguka kwa umbo la faneli, bolti haikuzama vya kutosha, au jiwe ni dhaifu. Jiwe zima likinyanyuka, bolti yapasa ishuke safu kadhaa chini, kwani safu ya juu haina uzito wa kuikalia.

Mzigo wa kila siku uwe sehemu ndogo tu ya ule uliovunja, na kiasi chake akikadirie mhandisi. Gharama ya bolti tatu za majaribio ni ndogo, na bati lililong'olewa na upepo laweza kumwua mtoto wa jirani.