Baka Lenye Ganzi
Ukoma huletwa na kijidudu kilichogunduliwa na daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873. Kijidudu hiki huzaana polepole mno. Dalili huweza kuchukua miaka 5, hata 20, kujitokeza. Mara nyingi huanza kwa baka ngozini lisilouma wala kuwasha, hivyo mgonjwa hulipuuza. Katika kijiji kama Msuka, kaskazini mwa Pemba, mhudumu wa afya azungukaye majumbani aweza kulitambua. Mgonjwa hufumba macho, naye huligusa baka kwa ncha ya pamba. Asipohisi kitu, yafaa apelekwe kituoni upesi. Dawa mseto, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, huponya kwa miezi 6 au 12. Lakini haziurudishi mkono uliokwisha kulemaa.