Je, Wajua? Kiu Hupiga Hodi Ikiwa Imechelewa

Mkazi wa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, hahitaji kufundishwa joto ni nini. Lakini kuhusu maji anayokunywa, na yale asiyokunywa, yapo mambo ambayo hata mzoefu wa jua la saa nane mchana huenda hayajui.

Je, wajua kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji? Mwanamume wa kilo 70 amebeba lita 40 na ushee, yaani madumu mawili ya lita 20 yanayotembea. Mtoto mchanga amezidi: robo tatu ya uzito wake ni maji.

Je, wajua kwamba hadi unasikia kiu, mwili huwa umeshapungukiwa? Mara nyingi kiu huja baada ya mtu kupoteza asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake. Kwa wazee hodi hiyo hufifia zaidi. Bibi akisema "mimi sisikii kiu", mpelekee kikombe hivyo hivyo.

Je, wajua kwamba jasho linalodondoka halikupoozi? Kinachopooza ni jasho linalokauka juu ya ngozi. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, jasho halikauki upesi, kwa hiyo mwili unaendelea kulimwaga. Anayefanya kazi nzito juani anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja.

Je, wajua kwamba wanaotoka jasho sana mara nyingi ndio wanaokunywa kidogo? Mtazame konda: ameamka alfajiri, ananing'inia mlangoni, anaita abiria mpaka sauti inakwama, lakini maji anapiga mafunda mawili tu kwa sababu gari halimsubiri aende chooni. Mama lishe na muuza mitumba nao hujibana hivyo hivyo. Figo ndizo zinazolipa: mkojo mzito hurahisisha mawe kujijenga. Kwa wanawake kuna jambo jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wanawake 140 waliokuwa wakisumbuliwa mara kwa mara na maambukizi ya kibofu, na ambao walikuwa wakinywa kidogo. Walioongezewa lita moja na nusu ya maji kwa siku waliugua karibu nusu ya mara walizougua wenzao.

Je, wajua kwamba figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku? Karibu zote hurudishwa mwilini. Kinachotoka ni lita moja hadi mbili tu.

Je, wajua kwamba "glasi nane kwa siku" si amri? Mwaka 1945 bodi ya lishe ya Marekani ilitaja lita 2.5 kwa siku, ikaeleza pia kwamba sehemu kubwa imo ndani ya chakula. Watu wakashika namba, wakaacha maelezo. Uji, mchuzi, chungwa, tikiti na dafu vyote vinahesabiwa. Hata chai na kahawa ya kijiweni.

Je, wajua kwamba kipimo cha bure kiko chooni? Mkojo wa rangi ya njano hafifu, mambo sawa. Ukikolea, ongeza maji.

Je, wajua kwamba mto Ruvu, unaoilisha Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji ya bomba, huanzia milima ya Uluguru, Morogoro? Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959. Mwishoni mwa 2022 ukame uliupunguza mto huo, na jiji likaingia kwenye mgao.

Je, wajua kwamba kuchemsha maji ya kisima hakuondoi chumvi? Kunaua vijidudu, basi. Maji yakipungua sufuriani, chumvi iliyobaki hukolea zaidi. Mwenye presha na anayetegemea kisima cha maji ya chumvi atafute maji yasiyo na chumvi ya kunywa, ya kisima aoshee vyombo.

Je, wajua kwamba jua lenyewe husafisha maji? Jaza maji yasiyo na tope kwenye chupa angavu ya plastiki, ilaze juu ya bati saa sita za jua kali. Kukiwa na mawingu, siku mbili.

Je, wajua kwamba mtoto anayenyonya hahitaji maji kabla ya kutimiza miezi sita, hata joto likizidi? Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88. Kijiko cha maji machafu kinaweza kumsababishia kuhara.

Je, wajua kwamba kipindupindu huua kwa kukausha mwili? Mlipuko wa Agosti 2015 uliripotiwa kwanza Kinondoni, Dar es Salaam, kabla ya kusambaa mikoani. Dawa ya kwanza ni ORS, ile poda ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji. Ukiikosa, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo huku mkielekea zahanati.

Je, wajua kwamba maji pia yana kuzidi? Kunywa malita kwa mkupuo huzimua chumvi ya damu. Katika mbio za marathoni za Boston, Marekani, za mwaka 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji waliopimwa walikutwa na hali hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji: kunywa kabla ya kutoka nyumbani, beba chupa yako, piga funda kila upatapo nafasi, na usijinyime maji kwa kuogopa choo. Nawe mwenye fremu au genge, ukiwa na choo, mruhusu konda aingie.