Usigawe ufunguo wa depo kwa kila mtu

Wandugu, jambo hili lilinigharimu siku mbili za takwimu za mihogo, njo maana naliandika.

Tulikuwa watu wanne kwenye ordinatere moja ya Ubuntu. Mmoja alishindwa kuandika ndani ya dosiye ya takwimu. Mimi, kwa haraka, nikapiga `chmod -R 777`. Kila kitu kikafunguka. Kesho yake mwenzetu akafuta faili akifikiri ni yake. Kopi ya mwisho ilikuwa ya siku mbili nyuma. Kosa lilikuwa langu.

Hesabu ni nyepesi: 4 ni kusoma, 2 kuandika, 1 kuendesha programu ama kuingia ndani ya dosiye. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya grupe, ya tatu ya wengine wote. Tena ujue: kufuta faili kunategemea ruhusa ya dosiye yenye imo, si ruhusa ya faili yenyewe.

Sasa tunafanya hivi:

sudo groupadd mihogo
sudo usermod -aG mihogo jina
sudo chgrp -R mihogo /srv/mihogo
sudo chmod 3770 /srv/mihogo

Ile 3 ya mbele ni 2 na 1 pamoja: 2 inafanya faili mpya zirithi grupe ya dosiye, 1 inazuia mtu kufuta faili ya mwenzake. 0 ya mwisho inafungia wasio wa grupe.

Angalisho kubwa ni ile `-a`. Ukiisahau, mtu anatolewa katika grupe zingine zote za ziada. Nilijifanyia hivyo mwenyewe: nikatoka ndani ya grupe `sudo`, na administratere nilikuwa mimi peke yangu! Ilibidi kuwasha mashine katika hali ya uokoaji ili nijirudishe. Kwa hiyo muwe na administratere wawili.

Mtu mpya atoke kwenye sesheni na kuingia tena, kisha uhakikishe kwa `id jina`. Akimaliza kazi: `sudo gpasswd -d jina mihogo`.

Na usimtie mtu ndani ya `sudo` juu tu anataka kusoma faili. Grupe ya `docker` vilevile, inafungua karibu mashine yote.

Kwenu, nani ana ufunguo?