Kabla hujatamani bunduki, kagua kwanza buti zako

Wewe unayecheza Call of Duty hadi saa nane usiku, ukibadilisha bunduki kama stesheni za redio, tulia kidogo tuongee. Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilidhani nazijua bunduki vizuri sana, hadi siku niliyopanda matatu kutoka Eldoret mjini kwenda Moiben kumtembelea binamu yangu. Yeye ni polisi wa akiba, wale tunaowaita NPR, na alikuwa ametoka tu kwenye mafunzo ya kutumia bunduki kujilinda na kulinda kijiji.

Nilimkuta nje ya nyumba, kwenye kigoda, akiisugua G3 kwa kitambaa na mafuta. Tulipomaliza kuamkuana chamgei, nikanyoosha mkono. "Hebu nishike kidogo, nipige picha moja tu."

Akaivuta upande wake. "Hii si simu, kijana."

Nilikasirika, siwezi kukudanganya. Lakini msee alikuwa sawa. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inazitaja AK-47, G3 na MP5 kwa majina. Ukipatikana nayo bila sababu halali, unaweza kufungwa maisha. Picha yako ya Instagram hapo ni ushahidi tu, dhidi yako na dhidi ya aliyekupa.

Basi nikaketi, nikamwuliza mafunzo yalikuwaje. Akaniambia siku za kwanza hawakupiga hata risasi moja. Ni kurudia mambo manne mpaka uyaote usingizini: ichukulie kila bunduki kuwa imejaa, usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae mbali na kifyatuo mpaka uwe tayari, na ujue unalenga nini na nyuma yake kuna nani. Hilo la mwisho ndilo gemu haikufundishi. Risasi ikikosa mwizi haipotei hewani. Inaendelea mpaka ikutane na ukuta, ng'ombe au mtoto wa mtu.

Halafu kuna uzito. G3, ya kampuni ya Ujerumani ya Heckler & Koch, ina zaidi ya kilo 4 ikiwa tupu, na magazini yake hubeba risasi 20. Chukua pakiti mbili za unga wa kilo 2, uzishike mbele ya kifua dakika kumi. Sasa kimbia nazo shambani. Moiben iko juu, pumzi inakuisha haraka kama hujazoea.

Sasa swali langu la kishamba: ni kitu gani kiliharibika? Nilitarajia aseme bunduki, maana hiyo ni nzee kuliko yeye. Wapi! Bunduki ilivumilia vumbi na matope, mradi isafishwe kila jioni. Kwa G3, masizi mengi ya baruti hurudi ndani ya mitambo, kwa hivyo uvivu wa leo ndio kukwama kwa kesho. AK husifiwa kwa sababu sehemu zake za ndani zimeachiwa nafasi, uchafu kidogo hauizuii kufanya kazi.

Vilivyomwangusha ni vitu vya bei rahisi alivyojinunulia mwenyewe. Buti za mitumba zilifungua mdomo siku ya tatu. Mkanda wa bunduki, alioshonewa na fundi wa viatu, ulikatika akiwa mbioni. Bunduki ikaanguka pwaa! Kila mtu akasimama. Mkufunzi hakupiga kelele, aliuliza tu: "Kama huu ungekuwa usiku, mlimani, nani angeiokota kwanza?"

Ilibidi aanze kulenga upya, kwa sababu bunduki ikianguka shabaha inaweza kuhama. Kweli, risasi zake zote zilienda kushoto.

Hilo si jambo la kuchekesha huku. Moiben imepakana na Elgeyo Marakwet, na ukiteremka huko unafika Bonde la Kerio, ambako wizi wa mifugo umeua watu miaka na mikaka. Mwaka wa 2019 serikali iliwapokonya NPR bunduki. Februari 2023 ikaanzisha operesheni ya Maliza Uhalifu, na polisi wa akiba wakaanza kutafutwa tena. Kisheria hao ni watu wa kujitolea. Mke wa binamu yangu aliniambia yeye halali mpaka asikie mlango ukifungwa.

Kama bado unaitaka hiyo kazi, njia halali ipo. KDF huandikisha vijana wa miaka 18 hadi 26, na makuruti hufunzwa papa hapa Eldoret, Moi Barracks. Lakini anza na mazoezi, na ununue vitu vyako mapema uvijaribu kabla havijakujaribu.

Usiku huo mbwa walibweka. Nikasikia binamu akiamka. Hakukimbilia bunduki. Alivaa buti mpya, akafunga kamba, akauvuta mkanda mara mbili kuupima, ndipo akatoka. Mimi nilibaki chini ya blanketi nikiangalia saa ya simu. Dakika 22.

Akarudi, akafunga mlango. "Ni ndama wa jirani, amekata kamba," akasema. Chumba cha pili, nikamsikia mkewe akishusha pumzi.